Mlima, Mchango na Mpaka: Maneno kwa Wanaojiandaa Kupanda Elgon

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya kamati ya vijana wa Uganda na Kenya wanaoazimia kupanda Mlima Elgon ili kuchangisha fedha za hisani

 

Niliombwa nizungumze juu ya usalama mlimani. Nitazungumza juu yake, lakini nitaanza na fedha. Katika safari za namna hii fedha ndiyo inayompandisha mtu mlimani, na mara nyingine ndiyo inayomzuia kushuka wakati ambapo kushuka kungemwokoa.

Jambo mnaloliazimia lina wazee wake. Katika nchi jirani ya Tanzania, tangu mwaka 2002, mgodi wa dhahabu wa Geita kwa kushirikiana na Tume ya Taifa ya Kudhibiti Ukimwi umekuwa ukiandaa safari ya kupanda Kilimanjaro, na fedha zinazopatikana huelekezwa katika mapambano dhidi ya Ukimwi. Mwezi Machi 2009 watu mashuhuri tisa wa Uingereza, waimbaji na watangazaji, waliupanda mlima huohuo wenye mita 5,895 kwa ajili ya shirika la Comic Relief, na watazamaji wa kwao wakachanga zaidi ya pauni milioni tatu. Kwetu sisi, mchango haukungoja wageni. Kenya imeliandika neno Harambee katika ngao yake ya taifa, na upande wa Uganda vikundi vya munno mukabi vimezika maiti na kuwasomesha mayatima kwa miaka mingi. Geni kwetu ni hili moja tu: mtu kutoa fedha kwa sababu mwenzake ametoa jasho mahali pa juu.

Na sababu yenu ni nzito. Hakuna aliye hapa asiyeikumbuka tarehe 1 Machi 2010, pale udongo wa mlima ulipoporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, ukawafukia watu, maduka na zahanati. Wengi hawakupatikana hata kwa kuzikwa. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Baadhi ya jamaa walihamishiwa Kiryandongo, wengine Bunambutye. Wengine wamerudi kwenye miteremko ileile kwa kuwa migomba yao iko huko na makaburi ya baba zao yako huko. Mnataka kuwanunulia watoto wao madawati na mabati. Sitasema neno la kulipunguza jambo hilo.

Sasa nije kwenye ahadi. Rasimu ya karatasi yenu nimeisoma. Mmeandika kwamba mchangiaji atatoa kiasi fulani kwa kila mita, na kwamba atalipa mpandaji akifika kilele cha Wagagai, mita 4,321. Hesabu hiyo inapendeza, na mtoto wa shule aweza kuipiga. Lakini neno "akifika" ningewaomba mlifute leo, kabla karatasi haijapigwa chapa.

Fikirini. Kijana amelala Mude Cave, karibu mita 3,500. Usiku kichwa kimemgonga, chakula kimemshinda, asubuhi miguu haimtii. Anajua kwamba shangazi yake, mwalimu wake, kanisa lake na msikiti wa jirani wameahidi. Anajua kwamba akigeuka, dawati halinunuliwi. Je, atamwambia mwongozaji ukweli? Atasema, "Niko salama, twende." Karatasi yenu ndiyo itakayokuwa imemfundisha uongo huo. Andikeni kwamba ahadi ni ya safari, si ya kilele: aliyeanza kwa nia njema na akageuzwa na mwongozaji, mchango wake hulipwa wote. Nina hakika wachangiaji watakubali. Hakuna mzazi hapa anayetaka kununua bati kwa mapafu ya mwana wa mwenzake.

Nasema hivi nikijua niko miongoni mwa nani. Wamasaba na Wabukusu ni ndugu, na imbalu mnayo nyote. Kijana aliyekwisha kujitangaza, akavaa njuga, akazunguka kwa wajomba akapewa kuku na fedha, harudi nyuma. Akirudi, aibu huwafuata hata wasiozaliwa. Hiyo ni desturi yenu na siwezi kuigusa. Lakini kupanda mlima si imbalu. Mlima hauna ngariba anayemaliza kazi mara moja kisha watu wakapiga vigelegele. Anayegeuka mlimani awe amesifiwa kabla hajaondoka nyumbani, na jambo hilo walitamke wazee, kwa kuwa vijana hawatalipokea kutoka kwa mtu mwenye sare.

Juu ya ugonjwa wenyewe nitakwenda taratibu. Katika kimo cha Wagagai, kila pumzi humpa mtu takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo angeipata ufukweni Mombasa. Mwili huzoea, ila hutaka siku. Kuanzia kama mita 2,500 mtu aweza kuumwa kichwa, kuchefukwa, kuchoka kupita kiasi na kukosa usingizi. Mara nyingi dalili huanza saa chache baada ya kufika. Huo ni ugonjwa wa milimani wa kawaida, na dawa yake ya kwanza ni kutopanda tena mpaka dalili ziondoke. Hali mbili ni za kufisha. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, hajui alipo. Kwa hali hizo hakuna kungoja asubuhi. Hushushwa mara ile ile, hata iwe usiku, na hashushwi peke yake.

Nguvu za mwili hazimkingi mtu. Nalirudia kwa ajili ya jamaa zangu wa Sebei. Ardhi iliyotuzalia Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei ina haki ya kujivuna, na kweli anayeishi Kapchorwa ana nafuu kidogo kuliko anayetoka Busia. Lakini mkimbiaji hodari aweza kuugua na mwanamke mnene wa sokoni asiugue. Hatari ya hodari ni kwamba anafika juu upesi, kabla mwili wake haujapata habari. Kanuni inayotumika milimani kote ni kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila siku ya tatu au ya nne mtu apumzike. Njia ya Sasa kutoka Budadiri ni fupi, nayo ni kali. Njia ya Piswa kutoka Kapkwata ni ndefu na ya upole zaidi. Kamati imechagua Sasa ili kuokoa siku za ada. Ningechagua Piswa, na siku moja ya ziada ningeiomba kwa wachangiaji bila haya.

Baridi yetu hudharauliwa kwa kuwa haina theluji ya kudumu kama Rwenzori. Mvua ya alasiri pamoja na upepo wa usiku vyatosha kumzizimisha mtu aliyevaa fulana ya pamba iliyolowa. Kofia ya sufu, koti lisilopitisha maji, soksi kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki: vitu hivi ni muhimu kuliko fulana mnazotaka kuzichapisha picha ya mlima. Wenye pumu, wenye ugonjwa wa moyo, wenye selimundu na wajawazito wamwone daktari kwanza, na mwenye dawa zake azibebe mwenyewe, asiwape wapagazi.

Wapagazi hao nao ni watu. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na mizani iko langoni. Nanyi wekeni kikomo chenu na mizani yenu. Itakuwa jambo la kuchekesha, lakini si la kucheka, ikiwa safari ya huruma itabebwa na mtu aliyevaa kandambili na asiye na blanketi.

Narudi kwenye fedha, maana hapa ndipo sisi polisi huitwa baadaye. Gharama za kupanda, yaani ada ya hifadhi, waongozaji, wapagazi na chakula, zitengwe na mchango. Kila mpandaji ajilipie au apate mfadhili anayejua kwamba analipia safari. Mama aliyetoa shilingi zake kwa ajili ya bati asije akagundua kwamba zilinunua viatu. Kisha kuna shilingi mbili, ya Kenya na ya Uganda, ambazo hazilingani na ambazo bei yake hubadilika kila juma. Fungueni akaunti mbili, kila moja na watia saini watatu. Mkibadilisha fedha, badilisheni benki, na karatasi ya siku hiyo ibandikwe kwenye daftari. Nimeona vikundi vya ndugu vikivunjika kwa tofauti ambayo haikuwa wizi hata kidogo, ilikuwa bei ya siku tu.

Upande wa Kenya ipo Sheria ya Makusanyo ya Umma, nayo hutaka kibali kabla ya kuomba fedha kwa umma, machifu watawaelekeza. Upande wa Uganda, fikeni ofisi ya wilaya na kituo cha polisi kabla kopo la kwanza halijazunguka sokoni. Vitabu vya risiti viwe na nambari zinazofuatana, na orodha ya nambari hizo ibaki kwetu. Nambari ya simu ya kupokelea mchango iwe moja kwa kila nchi, ibandikwe makanisani, misikitini na kwenye vituo vya mpakani, na isibadilishwe hata kama simu imeharibika. Matapeli hawaanzi kwa kuvunja mlango; huanza kwa ujumbe usemao, "Nambari ya kamati imebadilika, tuma hapa." Wananchi mnaonisikiliza, ujumbe wa namna hiyo ukiwafikia, msitume, na mtuletee.

Mwisho, mpaka. Mstari unaozigawa nchi zetu unapita juu ya mlima, katikati ya kasoko kubwa lenye upana wa takriban kilomita nane. Wagagai iko Uganda, Koitobos iko Kenya, na Mto Suam huzaliwa ndani ya kasoko hilohilo kabla haujatoka kuwa mpaka huko chini. Huko juu hakuna dirisha la kugonga muhuri. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini kitambulisho hakimruhusu mtu kutokea msituni katika nchi ya pili bila habari. Wanaotaka kupanda kwa upande mmoja na kushuka kwa mwingine wapange mapema na uhamiaji wa nchi zote mbili na mamlaka zote mbili za wanyamapori, na mlinzi wa hifadhi afuatane nao.

Hilo si urasimu. Wazee wa Cheptais na Kopsiro wanakumbuka miaka ya 2006 hadi 2008, pale msitu ulipokuwa na bunduki na hakuna aliyelala nyumbani kwa amani. Wafugaji wa Bukwo wanajua maana ya nyayo za usiku karibu na boma. Mlinzi anayeona tochi ishirini zikishuka bondeni saa tisa za usiku hawezi kujua kwamba ni vijana wa hisani. Anachoweza kujua ni kile alichoambiwa jana yake. Kwa hiyo tutataka majina, idadi, njia, kambi za kila usiku, na saa ambayo kikundi kikikosekana tuanze kutafuta. Picha za kurusha kutoka angani zisipigwe bila kibali. Bangi ikionekana njiani, msiguse, msipige picha, pitieni mbali, mtuambie mkishuka.

Daftari la majina litafunguliwa Jumatatu katika vituo vya Kapchorwa, Budadiri na Suam, na nakala itapelekwa kwa wenzetu wa Kapsokwony. Kila jina liandikwe pamoja na nambari ya simu ya mtu mmoja aliye nyumbani ambaye hapandi mlima. Karatasi ya ahadi iliyosahihishwa niletewe kabla ya hapo, nami nitaitia mhuri siku hiyohiyo. Maswali nayapokea sasa. Naona yule mzee wa nyuma amenyoosha fimbo yake tangu nilipotaja imbalu.