Mtoto Asiyengojewa: Asili, Maana na Uenezi wa Jina la Ukoo Nezhdanov



1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akikutana na jina Sikudhani hahitaji kamusi. Anaona kikanushi, anaona kitenzi, na papo hapo anadhani ameelewa. Leo nawaomba tulitazame jina la ukoo la Kirusi ambalo kimaana ni jirani wa karibu wa Sikudhani. Jina hilo ni Nezhdanov. Si jina la kila siku hata kwa Warusi wenyewe. Hoja yangu ni kwamba jina huishi muda mrefu kuliko sababu iliyolizaa. Na sababu ikishapotea, uchambuzi wa mofimu peke yake hauwezi kuirudisha.

2.0 Muundo wa Jina

Nezhdanov ina mofimu tatu zinazotuhusu. Ya kwanza ni ne-, kikanushi cha Kirusi. Ya pili ni zhdan, umbo la kale la kutendwa litokanalo na kitenzi zhdat, yaani kungoja. Ya tatu ni kiambishi tamati -ov. Kwa hiyo Zhdan ni "aliyengojewa", na Nezhdan ni "asiyengojewa".

Kiambishi -ov hapo kale kiliunda kivumishi cha umilikishi, kikijibu swali "wa nani?". Mtoto wa Nezhdan alikuwa Nezhdanov. Binti yake, Nezhdanova, kwa kuwa kivumishi cha Kirusi hupatana na jinsia. Majina yaliyoishia kwa irabu -a yalichukua -in badala ya -ov, ndiyo maana mwana wa Nikita ni Nikitin. Kazi hiyo Kiswahili huifanya kwa kihusishi "wa", tunaposema Juma wa Hamisi. Tofauti ni kwamba Kirusi kiliyaunganisha maneno hayo yakawa neno moja, kisha neno hilo likaacha kubadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Mjukuu naye akawa Nezhdanov, ingawa baba yake hakuitwa Nezhdan.

3.0 Asili: Watu Wenye Majina Mawili

Mwaka 988 mtawala Vladimir wa Kyiv aliupokea Ukristo wa Kibizanti. Tangu hapo watoto walianza kubatizwa kwa majina ya watakatifu, na mengi ya majina hayo yalitoka katika Kiyunani na Kiebrania. Hata hivyo, ubatizo haukuyafuta majina ya wazee. Kwa karne kadhaa Waslavi wa mashariki waliishi na majina mawili: moja la kanisani, jingine la nyumbani na mtaani. Mtu aliweza kuwa Ivan mbele ya padri na Nezhdan mbele ya majirani, na hata makarani wakamwandika kwa jina la pili.

Majina hayo ya nyumbani yalieleza mazingira ya kuzaliwa kwa mtoto. Tretyak alikuwa mtoto wa tatu. Nechai, kutokana na kitenzi chayat, yaani kutarajia, alikuwa "asiyetarajiwa", na hivyo ni kisawe cha Nezhdan. Karne ya 17 ilipoisha, majina ya nyumbani yalikuwa yakififia mbele ya yale ya kalenda ya kanisa. Lakini tayari yalikwisha kujificha mahali ambapo kanisa halikuwa na haja ya kuyatafuta: ndani ya majina ya koo. Nezhdan alikufa, Nezhdanov akabaki.

4.0 Maana: Tusemacho na Tukusudiacho

Hapa ndipo penye uzito wa mhadhara huu. Maana ya kwanza ya Nezhdan ni ile ya wazi. Wazazi walikuwa wamekata tamaa ya kupata mtoto, au walidhani uzazi umekwisha, kisha mtoto akaja. Jina ni mshangao, na pengine ni furaha.

Maana ya pili ni ya kinga. Jirani za Nezhdan katika nyaraka za kale ni majina kama Nekras, "asiye mzuri", na Nenash, "si wetu". Ni mzazi gani amwambiaye mwanawe kwamba si wake? Jibu la wanaisimu wa Kislavi ni kwamba jina hilo halikuelekezwa kwa mtoto. Lilielekezwa kwa kile kilichodhaniwa kuwachukua watoto waliomtangulia. Mzazi alijifanya hamtaki mtoto ili husuda na pepo wabaya wampite. Basi jina lililosikika kama kukataliwa lilikuwa, kwa hakika, kukumbatiwa.

Ushahidi ulio bora zaidi hatuupati Urusi, bali kwa Waslavi wa kusini. Vuk Karadžić (1787–1864), mwanaisimu aliyekitengenezea Kiserbia tahajia yake ya kisasa, alichapisha kamusi yake mwaka 1818. Katika kulieleza neno vuk, yaani mbwa mwitu, aliandika kwamba mwanamke afiwaye na watoto humpa mwanawe jina hilo, kwa kuwa watu huamini wachawi hula watoto lakini hawathubutu kumgusa mbwa mwitu. Kisha akaongeza kwamba ndiyo sababu yeye mwenyewe aliitwa hivyo. Bila maelezo hayo, leo tungesema baba yake alitamani mwana shujaa, na tungekosea.

Fikra hii si ngeni Afrika Mashariki. Wajaluo humwita Owiti, au Awiti kwa msichana, mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki. Jina lahusiana na kitenzi cha kutupa, kana kwamba mtoto ametupwa ili mauti yasimtamani.

Fasihi nayo imelitumia jina hili kwa njia yake. Katika riwaya ya Ivan Turgenev iitwayo Nov, iliyochapishwa mwaka 1877, mhusika mkuu, Aleksei Nezhdanov, ni mwana wa nje ya ndoa wa mtu wa ukoo wa kitawala. Turgenev ameirudisha maana ya mofimu: huyu kweli hakungojewa. Lakini ya kinga haimo tena. Kufikia karne ya 19 msomaji wa mjini alisikia katika jina hilo fedheha, pale ambapo mama wa kale alisikia dua.

5.0 Uenezi

Kwa nini Nezhdanov ni nadra, ilhali Nechaev, lenye maana ileile, na Zhdanov, lenye maana kinyume, yameenea? Uenezi wa jina la ukoo haupimi uzuri wa maana yake. Hutegemea ni wanaume wangapi waliitwa jina la msingi wakati majina ya koo yalipokuwa yakigandishwa, na wangapi kati yao walipata uzao. Wakati huo haukuwa mmoja. Makabaila walitangulia, wakulima wengi walisubiri hadi baada ya kukomeshwa kwa utumwa wa ardhini mwaka 1861.

Umaarufu ni jambo jingine tena. Mtu mmoja huweza kulijulisha jina nadra kwa ulimwengu. Antonina Nezhdanova (1873–1950), mwimbaji wa opera aliyezaliwa karibu na Odesa, ndiye ambaye Sergei Rachmaninoff alimtunukia wimbo wake usio na maneno, Vocalise. Zhdanov, kwa upande wake, lilipata nguvu ya dola kupitia Andrei Zhdanov (1896–1948), kiongozi wa Kisovieti. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1989 jina lake lilipachikwa kwa Chuo Kikuu cha Leningrad, ambako Dmitri Olderogge aliwafundisha Warusi Kiswahili. Ni wangapi waliosoma kwake waliowaza kwamba chuo chao kinaitwa, kwa tafsiri, cha Aliyengojewa?

6.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, wataalamu wa Kirusi wanapolichunguza jina Nezhdanov hawana wa kumuuliza. Mama aliyelitoa amekwisha kufa karne nyingi, na nyaraka za makarani hazisemi alilitoa kwa mshangao au kwa hofu. Sisi bado tunao wa kuwauliza. Wapo miongoni mwetu kina Sikudhani, Sikujua, Tabu na Mashaka, na wengine bado wana mama na bibi waliowapa majina hayo.

Naona tasnifu zinazoyapanga majina haya katika jedwali, jina upande huu na tafsiri upande ule, kisha mwandishi akahitimisha kwamba jamii ilimchukia mtoto au ilimdharau mwanamke. Huko ni kuhukumu kwa mofimu. Rai yangu kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda uwandani ni hii: katika kila jedwali ongezeni safu ya tatu, ya sababu, na isijazwe na mtafiti. Ijazwe na aliyelitoa jina, au na aliyekuwapo siku lilipotolewa. Karadžić aliijaza safu hiyo kwa jina lake mwenyewe, na zaidi ya miaka mia mbili baadaye bado twamtegemea. Kina Nezhdan hawakupata wa kuwajazia.