Kuchota Mawe ya Kupimwa

Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu,

Nimeombwa nieleze kazi ya kupima mawe ya dhahabu. Afadhali nianze na kosa langu.

Wachimbaji wadogo fulani upande wa Geita, siku zile ingali Mkoa wa Mwanza, waliniita nipeleke mawe yao maabara. Rundo lilikuwa kando ya duara, kubwa kama kibanda. Nilichota juu juu, pale mkono ulipofika, na jicho likavutwa na vipande vya kung'aa. Majibu yakarudi: gramu 25 kwa tani. Wazee wale wakauza ng'ombe, wakakodi karasha. Rundo zima liliposagwa halikufika gramu 3 kwa tani. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja tu aliniuliza, "Mwanangu, yale uliyopima yalikuwa mawe ya nani?"

Maabara walipima sawasawa. Lakini wao huyeyusha gramu 50 tu. Punje ya dhahabu yenye upana wa nusu milimita ina uzito wa miligramu 1.25 hivi, ikiangukia katika gramu hizo 50, peke yake inatoa jibu la gramu 25 kwa tani, hata mawe mengine yote yakiwa matupu. Na vile vya kung'aa ni pairaiti, si dhahabu, ila huko Geita dhahabu hupenda kukaa jirani nayo. Basi nilikuwa nimechagua, sikuchota.

Mnunuzi wa mpunga hapa Mwanza haangalii mdomo wa gunia. Huchoma bambo mpaka ndani. Mawe hayachomeki. Inabidi rundo lihamishwe lote, kila beleshi la kumi liwekwe kando, na vumbi la chini lifagiliwe pia, maana dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji na huzama. Kisha ponda kwanza, ndipo ugawe mafungu manne, uache mawili yanayotazamana, uchanganye yaliyobaki, tena na tena. Pierre Gy wa Ufaransa, aliyeandika kanuni za kazi hii, alidai kila kipande kiwe na nafasi sawa ya kuchukuliwa.

Mwaka uliofuata wazee walinipa rundo jingine. Nilishinda siku mbili na beleshi, mgongo ukaniuma. Majibu: gramu 4. Safari hii hawakuuza ng'ombe.

Sasa nakaribisha maswali.