Usukani ni Amana: Nasaha kwa Vijana na Wazazi Wakati wa Kiangazi



Kiangazi kimeingia. Mvua zimekatika, shule zimefungwa, na vijana wamerejea majumbani kwao. Huu ndio msimu wa harusi na wageni, na mji wa Gisenyi hujaa watu wajao kupumzika ufukoni mwa Ziwa Kivu. Tena ndio msimu ambao kijana wa miaka 16 humwendea baba yake akamwomba ufunguo wa motokaa, “mara moja tu, mpaka kwa shangazi.” Jambo hili huonekana dogo, wala si dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo sababu kubwa kupita zote ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Kijana hahatarishwi na ubaya wa tabia. Macho yake ni makali na mikono yake ni myepesi; kinachopungua ni mazoea, na mazoea hayanunuliwi. Naye akipakia wenzake wanne, wakacheka na kumhimiza, hutaka kuonyesha ushujaa mahali pasipohitaji ushujaa.

Tena nchi yenyewe ina mitihani yake. Barabara itokayo Kigali, ikisha kupita Musanze, hushuka kwa mteremko mkali hadi ziwani. Dereva mgeni hukanyaga breki tangu juu hadi chini. Breki hupata moto, na zikipata moto hulegea. Mwenye ujuzi hutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ikalizuia gari, na breki akaziweka kwa wakati wa haja. Jioni jua huchwea upande wa Kongo, likampiga machoni yule anayeingia mjini, na vumbi la kiangazi likazidi kumfumba. Papo hapo njia imejaa akina mama wenye mizigo kichwani, wanaorudi kutoka mpaka wa Goma, na watoto wasio na shule ya kuwazuia.

Basi na apime. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata kama mita 17 katika sekunde moja. Yaani kabla mguu haujafika kwenye breki, mita hizo zimekwisha kupita. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kufunga breki huwa mara nne.

Wako pia vijana wa baisikeli, na hao ndio wengi. Mlima ukiwachosha hushika nyuma ya lori liwavute. Na wakati wa kushuka huachia baisikeli yenye mzigo ikakimbia kama jiwe. Mwenye lori hawaoni. Akifunga breki ghafula, au akikata kona, hakuna wa kuwaokoa. Dakika chache za kupumzisha miguu hazilingani na uhai wa mtu.

Sheria ya Rwanda haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuendesha motokaa. Na tangu mwaka 2019 Polisi ya Taifa imeeneza kampeni ya Gerayo Amahoro, maana yake “fika kwa amani.” Lakini polisi hawezi kusimama katika kila ua. Mlinzi wa kwanza ni yule mwenye ufunguo. Baba anayempa ufunguo mtoto asiye na leseni hakumpenda. Amemtwisha mzigo usio wake, na amewatia hatarini watoto wa wenzake.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba iwekeane ahadi mapema, kabla ya siku ya harusi. Ufunguo ukae kwa mzazi. Aliyetimiza umri ajifunze kwa mwalimu, na akisha kupata leseni aanze mchana, pamoja na mtu mzima, bila kundi la marafiki. Kila mmoja afunge mkanda. Apandaye pikipiki avae kofia yake na kuifunga. Simu inyamazishwe. Na abiria, ajapokuwa mdogo, asione haya kusema, “Kaka, punguza mwendo, au nishushe.” Ndugu watokao Uganda au Tanzania nao wakumbushwe kwamba hapa hupitwa upande wa kulia.

Lukmani alimuusia mwanawe awe na kiasi katika mwendo wake. Usia huo ulisemwa kwa watu waendao kwa miguu. Itakuwaje kwa mwenye kuendesha chuma kizito? Uhai ni amana, na usukani ni amana. Aliyechelewa kufika harusini hupakuliwa chakula chake. Asiyefika kabisa huliliwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa mji huu, na awarudishe salama kwa wazazi wao. Amin.