Ugonjwa wa figo unaopita katika ukoo: mazungumzo mbele ya mkutano mkuu



Prezida alinipa dakika ishirini nizungumze juu ya afya. Wengi munanijua kwa mambo ya visima na vyoo, ndiyo kazi inayonilisha. Leo sizungumzi vyoo. Nazungumza ugonjwa wa figo ule unaopita katika ukoo, na nitachukua ukoo wangu mwenyewe kuwa mfano, juu sina ruhusa ya kusema wa mtu mwingine. Baba mdogo na mama mdogo wamekaa pale nyuma. Niliwauliza kwanza, wakakubali.

Baba yangu alikufa mwaka 2003 kambini Lugufu, upande wa Tanzania. Alianza kulalamika kiuno. Halafu mkojo ukatoka na damu, halafu miguu ikavimba, uso ukavimba, mwishoni akawa anatapika kila anachokula. Hakuwa amefikisha miaka 50. Kwenye matanga mzee mmoja alikumbusha watu kwamba wiki chache kabla ya kuanguka, baba alikula ndagala zilizopikwa na mke wa mdogo wake. Ilitosha. Toka siku ile mama mdogo akawa mtu wa sumu. Hakuna aliyepima chochote, hakuna aliyemuuliza chochote.

Tuliporudi mwaka 2008, tulivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Baraka, tukakuta parseli ya babu bado iko. Munajua wenyewe kurudi ni nini: mtu anafika na mashuka yake na sahani zake, swali la kwanza ni atakaa wapi. Ukoo ulikaa, ukasema baba mdogo anaweza kujenga pale, lakini mke wake asiingie. Baba mdogo alikataa kumuacha mke. Wanalipa kodi ya nyumba mpaka leo. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwepo kwenye kile kikao, na sikusema neno. Tena nilikuwa naamini.

Sasa tuende Marekani kidogo, nitarudi. Shangazi yangu, dada ya baba, alibaki kambini Nyarugusu, na mwaka 2016 akapelekwa Marekani na watoto wake. Huko walimpima presha, ile sisi huku tunaita tansio, wakaikuta juu sana. Wakapima damu, wakafanya ekografi, wakaona figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji, vikubwa na vidogo, mpaka figo zenyewe zimenenepa. Figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimeta 10 hadi 12 hivi. Zake zilizidi sana. Wakamtuma kwenye kliniki ya magonjwa ya figo ya kurithi.

Hiyo kliniki alinieleza kwa simu, usiku mzima karibu. Kuna munganga wa figo, kuna mtu wa chakula, na kuna mtu mwingine ambaye si munganga kabisa, kazi yake ni kukaa na familia na kuwaeleza mambo ya jeni. Huyo wa mwisho alichukua karatasi akaanza kuchora ukoo: mwanaume kisanduku, mwanamke duara, aliyekufa anapigwa mstari. Akauliza kupitia mkalimani wa simu: baba yako alikufa na nini? Shangazi akajibu: alivimba, alikojoa damu, ilikuwa kabla ya vita. Na kaka yako? Akajibu: yeye alilishwa sumu. Mkalimani akatafsiri. Yule mama akauliza taratibu: kabla ya kufa, alikuwa na dalili gani? Shangazi anasema alifungua kinywa ili ajibu, akasikia kwamba anarudia maneno yale yale aliyoyasema juu ya babu. Hapo akalia.

Jina la ugonjwa ni refu, tuuite ugonjwa wa figo za vifuko. Jeni ni kama maagizo yaliyoandikwa ndani ya mwili, nakala moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika ugonjwa huu kuna agizo moja limekosewa, na nakala moja mbovu inatosha. Jeni zinazohusika sana ni mbili, PKD1 na PKD2, ile ya kwanza ndiyo inaonekana zaidi na ndiyo inaharibu haraka zaidi. Munajua kipimo cha SS, wengi mulikifanya kabla ya kuoana: wote wawili wakiwa AS, kila mimba ni moja kwa nne. Huku ni tofauti. Mzazi mmoja akiwa nao anatosha, na kila mtoto ana nafasi moja kwa mbili. Baba au mama, mvulana au msichana, ni sawa tu. Wala watoto hawapeani zamu. Ni kama kurusha franga hewani kila mimba: unaweza kupata watoto watano wazima, unaweza kupata watano wote wagonjwa. Halafu kuna wagonjwa wachache, kama mmoja kwa kumi, ambao kosa limeanza kwao wenyewe, wazazi ni wazima. Kwa hiyo usikimbilie kusema ni ukoo wa upande wa mama.

Ugonjwa wenyewe ni wa polepole. Vifuko vinaanza utotoni bila mtu kujua, presha inapanda ukiwa kijana, na karibu nusu ya wagonjwa wakifika miaka 60 figo zao zimechoka kabisa. Wengine inashika na mishipa ya kichwa, mtu anaanguka ghafla. Mukikumbuka, kwenye ukoo wenu mutu wa namna hiyo hamumukosi, lakini si kila anayevimba ana ugonjwa huu, tafadhali. Presha peke yake inaharibu figo, sukari inaharibu, SS yenyewe inaharibu.

Mtu fulani aliniuliza wiki iliyopita kama ni ugonjwa wa watu weusi. Hapana, uko kwa mataifa yote. Anayosikia huko WhatsApp ni jambo lingine, jeni inayoitwa APOL1, ambayo uhusiano wake na ugonjwa wa figo uligunduliwa mwaka 2010. Hiyo ina aina mbili zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, zinalinda mwili na vimelea fulani vya malale, lakini mtu akirithi mbili, moja kila upande, figo zake ziko katika hatari zaidi. Na hata hao wengi wao hawaugui. Kliniki za Marekani zinapima na hiyo siku hizi. Tuiweke kando.

Kipimo cha jeni kilimsaidia nini shangazi? Yeye mwenyewe, si sana. Ekografi na ile karatasi ya ukoo vilikuwa vimeshasema. Kuna dawa moja inayopunguza mwendo wa vifuko, tolvaptan, Marekani waliikubali kwa ugonjwa huu mwaka 2018, lakini figo zake zilikuwa zimefika mbali. Anafanya dialisi mara tatu kwa wiki. Kipimo kilimsaidia mtoto wake. Kijana ana miaka 24, alisema atatoa figo moja ampe mama. Ekografi yake ilikuwa safi, lakini kwa miaka 24 ekografi safi haitoshi, vifuko vinaweza kuja kesho. Ukichukua figo ya mtoto ambaye naye ataugua, umewapoteza wawili. Basi maabara ilitafuta kwanza kosa katika damu ya mama, ikaliona, ndipo ikatafuta kosa lile lile kwa mtoto. Hana. Sasa wanaendelea na vipimo vingine vya upasuaji. Muone utaratibu: wanaanza na mgonjwa, mzima anafuata. Na kuna familia ambazo maabara inatafuta na haioni kitu, ingawa vifuko viko.

Ile kliniki ikamwambia shangazi awajulishe ndugu. Akanipigia: wewe na wenzako, mupime. Nilimjibu ndiyo, shangazi. Nikakaa miezi kumi na nne. Mimi niliyesoma chuo kikuu, mimi ninayepita vijijini kuwaambia mama zetu wapeleke watoto mapema, nilikaa miezi kumi na nne juu ya woga. Nilikuwa nawaza mke wangu atasema nini, mkataba wangu wa kazi, binti yangu. Na wakati huo kiuno kikiniuma nilikuwa nanunua diklofenaki kwenye kaduka ka dawa, nameza mbili mbili. Baadaye ndiyo nikaambiwa dawa za namna ile ndizo zinazoumiza figo.

Nilipokwenda mwishowe, ekografi ilinigharimu dola 15 na kipimo cha kreatinini kilikuwa chini ya hapo. Tansio 16 kwa 10. Figo zangu zina vifuko, pande zote mbili. Kwa mtu ambaye mzazi wake alikuwa nao, kati ya miaka 15 na 39, vifuko vitatu kwa jumla vinatosha kuthibitisha, mimi munganga aliacha kuhesabu. Sikuhitaji kipimo cha jeni. Kreatinini bado ni nzuri. Nameza kidonge cha presha kila asubuhi, chumvi nimepunguza, maji nakunywa, diklofenaki na mizizi ya kuchemsha nimeacha. Hiyo ndiyo matibabu yangu yote, na inapatikana hapa hapa. Binti yangu ana miaka sita. Sikumpeleka ekografi. Munganga alinishauri tumpime presha kila mwaka basi, mambo mengine aamue mwenyewe akikua. Dada yangu mkubwa amekataa kupima kitu chochote, na nawaomba musimufuate nyumbani kumuuliza. Ni haki yake.

Baba mdogo naye alipima. Ana miaka zaidi ya 50, figo ni safi kama za kijana. Ukishapita 40 ukiwa safi, hauna ugonjwa huu, na watoto wako hawawezi kuurithi kutoka kwako. Tulifurahi sana. Lakini munajua watu. Jibu lilipofika kijijini, mmoja akasema: bila shaka, mke hawezi kumlisha bwana wake mwenyewe. Nilicheka, halafu nikakosa usingizi. Karatasi ya maabara haiwezi kushinda hadithi ya miaka ishirini kwa siku moja. Ndiyo sababu niko hapa mbele yenu na sikubaki na karatasi yangu mfukoni.

Sasa ninachoomba. Kasha letu linalipa matanga na uzazi. Naomba liongeze mashine mbili za presha, zizunguke kwenye vikundi vya AVEC siku ya kuweka akiba, kila mtu apimwe. Na naomba tusaidie ekografi moja na kreatinini moja kwa mwanamemba ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja alikufa kwa figo au kwa kuvimba. Si kwa kila mtu, kasha halitaweza.

Kwa wafadhili: rafiki mmoja aliandika akitaka kutuma vikopo vya mate, vipimwe jeni nchi za nje. Namshukuru kwa moyo wote. Lakini mtu wa Fizi akiambiwa ana jeni mbovu, na mashine ya presha ya kituo chake cha afya imekufa, umempa usingizi mbaya tu. Tutumie mashine, vidonge vya presha, na nauli ya kufika penye ekografi. Dialisi iko mbali na inakula nyumba na shamba. Jeni itakuja siku kuna munganga wa figo hapa wa kuisoma, au siku mtu wetu anataka kumpa ndugu figo kama yule kijana wa shangazi.

Kwa wazee wetu nina ombi dogo, na nasema kwa heshima. Mtu akifa amevimba, kabla ya kuuliza alikula kwa nani, ulizeni baba yake alikufaje, na ndugu zake. Andikeni. Kalamu na karatasi inatosha, visanduku na maduara kama nilivyoeleza. Nimeleta mfano wa ukoo wetu, uko ukutani pale karibu na mlango. Babu ana mstari, baba ana mstari, shangazi na mimi tumepakwa rangi. Baba mdogo hana rangi. Mama mdogo yuko pembeni yake, duara jeupe, ameunganishwa nasi kwa ndoa tu. Hakuna njia yoyote katika mchoro ule inayotoka kwake kwenda kwa baba yangu.

Mama mdogo, nilinyamaza mwaka 2008. Naomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu ulishitakiwa mbele ya watu.

Kikao cha parseli tumekiitisha upya, Jumamosi saa tatu, chini ya mwembe wa babu. Chifu wa mtaa amekubali kuja. Mama mdogo amesema atapika yeye, na mimi nitakaa wa kwanza kwenye sahani.