Kima Yule Yule

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mnyama ambaye wengi wenu mnamjua vizuri kuliko mimi, naye ni kima. Ninyi mnaokaa kando ya msitu, mkisikia jina hilo tu, mnageuka kutazama shamba.

Mimi ni mwalimu niliyestaafu. Nyumba yangu iko upande wa Nyeri, kwenye mteremko wa milima ya Nyandarua. Ukisimama mlangoni pangu ukatazama juu, utaona kwanza shamba langu, kisha mahindi ya mama mmoja mjane, kisha ua wa umeme, kisha msitu. Naomba mkumbuke mpango huo, kwa maana mimi mwenyewe niliishi hapo miaka mingi bila kuufikiria.

Ua ule wa umeme ulianza kujengwa mwaka 1989 ukamalizika mwaka 2009, nao umezunguka milima hiyo kwa urefu wa karibu kilomita 400. Kabla ya hapo, tulikuwa tukilala nje. Nikiwa kijana nilikesha usiku mwingi pamoja na baba yangu, tukipiga madebe na kuwasha mioto, na kulipopambazuka tukakuta ndovu wamepita upande mwingine, viazi vyote vimepondwa. Sasa ndovu hawaji. Lakini kima hana habari na umeme. Yeye hupita juu kwa juu, tawi hata tawi, kisha anashuka katikati ya mahindi kama mtu aliyealikwa.

Basi, mwaka jana mwezi wa Julai, Jumatatu moja saa nne asubuhi, nilimwona mjukuu wa yule mama mjane ameketi juu ya kisiki, debe mkononi. Ni msichana wa gredi ya tano, mwenye akili sana. Nilipanda mpaka kule nikiwa nimekasirika. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne hawezi kumwona mtoto nje ya darasa akanyamaza.

Nikamwuliza nyanya yake, "Mama, kwa nini mtoto huyu hayuko shuleni?"

Akanijibu, "Mwalimu, kima hawajui Jumatatu. Mimi wameshanizoea, hawaniogopi. Mwanamume akitokea wanakimbia, lakini mimi wananitazama tu huku wanakula. Nikienda kuteka maji peke yangu, nikirudi nakuta mabua."

Badala ya kumsikiliza, nikamhubiria. Nilimwambia avumilie, kwamba kima naye ni kiumbe wa Mungu, na kwamba Nuhu alimwingiza katika safina pamoja na wengine wote. Yule mama akaniangalia kwa upole, akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Lakini Nuhu alikuwa amewawekea chakula chao."

Nilishuka nikiwa nimeudhika, kama vile mtu anavyoudhika akijua ameshindwa.

Mwezi wa Agosti watoto wangu walichanga fedha, wakanipeleka mimi na mama yao pwani kwa likizo. Hatujawahi kuwa na likizo ya namna hiyo maishani mwetu. Tulipanda gari moshi la Nairobi kwenda Mombasa, lile jipya lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Tulipopita Mtito Andei na kuingia katikati ya mbuga mbili za Tsavo, mtu mmoja akapiga kelele, "Ndovu!" Behewa zima likasimama. Watu walipandiana mabegani. Ndovu wa Tsavo hujipaka udongo wa huko, kwa hiyo walionekana wekundu, wakitembea pole pole na watoto wao. Mimi pia nilisimama, nikafurahi. Ndipo nikamkumbuka baba yangu na debe lake. Kama angalikuwa hai nikamwambia kwamba watu wanalipa nauli na kupigania dirisha ili wamwone ndovu, angaliniuliza kama nina homa.

Tukafika Diani. Mahali hapo ni pazuri, sitaki kudanganya. Mchanga ni mweupe, na miti mikubwa ya msitu wa zamani bado imesimama kati ya mahoteli. Juu ya miti hiyo hukaa mbega, weusi wenye nywele nyeupe ndefu mabegani, na watoto wao huzaliwa weupe kabisa. Mbega hula majani, na tumbo lake limegawanyika vyumba kama tumbo la ng'ombe. Ukimpa mkate unamdhuru. Barabara ilipokata msitu, wengi walikuwa wakigongwa na magari, au kuuawa na nyaya za umeme. Kwa hiyo wapo watu waliotundika ngazi za kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti, nao mbega hupita humo huku matatu zikipita chini. Nilikaa kando ya barabara nusu saa nzima kuwangojea. Mke wangu alichoka akaniacha.

Lakini kima! Asubuhi ya pili, tukiwa mezani, kima mmoja alishuka kutoka kwenye paa la makuti, akachukua mkate mbele yangu, akaketi ukingoni akaula akinitazama usoni. Wageni wote walicheka, nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikampiga picha kwa simu, nikaituma nyumbani kwa kila mtu niliyemjua.

Muda si muda akaja kijana wa hoteli ameshika manati. Hakumpiga, aliuvuta mpira tu, na kima akatoweka. Nikamwita nikamwuliza kama hiyo ndiyo kazi yake. "Ndiyo, mzee," akasema. "Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka wageni wamalize chakula cha mchana. Kuna mwenzangu wa jioni."

"Na mnalipwa?"

"Tunalipwa kila mwezi, mzee. Kwani kuna mtu anayefanya kazi ya bure?"

Tukaendelea kuzungumza. Kwao ni huko juu, karibu na Shimba Hills, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968. Huko wana kima na wana ndovu pia. Akaniambia habari za Mwaluganje, jirani na hifadhi hiyo, ambako katika miaka ya 1990 wenye mashamba walikubali kuiacha ardhi yao iwe njia na malisho ya ndovu, ili wagawane mapato ya wageni. Hata mavi ya ndovu wameyatengeneza karatasi ya kuuza. Lakini shamba la mama yake haliko ndani ya mpango huo. Mama yake analinda mahindi na mihogo mwenyewe, na mwaka ule alikuwa amevuna kidogo sana.

"Kwa hiyo mshahara wangu," akasema akicheka, "nafukuza kima hapa ili ninunue unga wa badala ya mahindi waliyokula kima kule."

Alicheka, lakini mimi sikuweza. Nilibaki na kikombe cha chai mkononi mpaka kikapoa. Niliyaona mambo mawili pamoja. Hapa, ili mimi nile mkate wangu kwa amani, wamewekwa watu wawili wa zamu, wenye mshahara. Kwetu kazi ile ile inafanywa na mtoto wa gredi ya tano, na malipo yake ni kukosa hesabu na Kiingereza. Tena, kima wakishuka kutoka msituni wanakutana kwanza na mahindi ya yule mama. Wakishiba huko hawafiki kwangu. Shamba lake lilikuwa ua wangu miaka yote hiyo, nami nikaenda kumfundisha uvumilivu.

Na ile picha ya kima na mkate, nilikuwa nimemtumia yeye pia. Nilipoangalia simu nikaona ameiona. Hakujibu neno.

Tuliporudi nilikwenda kwake siku hiyo hiyo, kabla sijafungua mizigo. Kuomba msamaha si jambo la maneno mengi, na mwalimu mzee halizoei. Nilimwambia nimekosa. Akaniletea uji. Kisha tukawaita majirani wanne wa chini, wale ambao nao wanalindwa na shamba lake bila kujua, tukapanga zamu mpaka mavuno. Mahindi yetu ya huku kwenye baridi hukaa shambani zaidi ya miezi sita, kwa hiyo haikuwa kazi ya wiki moja. Jirani mmoja alikataa, akisema ni mambo ya kike. Watatu walikubali. Mimi nilichukua Jumanne na Alhamisi. Shule zilipofunguliwa, yule msichana alikwenda darasani kila siku.

Msidhani nilikuwa mlinzi hodari. Nilikuwa nikisinzia. Lakini kima walipoona kofia yangu na koti langu refu walikaa mbali, wakinitukana kutoka mitini.

Mwezi wa Oktoba nilishikwa na kifua, nikatuma habari kwamba siwezi kuja. Jioni nikasikia hodi. Alikuwa yule msichana, angali amevaa sare ya shule. "Guka," akaniambia, "nyanya anauliza kama unaweza kutuazima kofia na koti."

Nikampa. Kesho yake asubuhi, nilipofungua dirisha na kutazama juu, nilijiona nimesimama katikati ya mahindi, mikono nimeinyosha. Kima walidanganyika siku tatu.