Chini ya Saa za Melbourne

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja baada ya chakula cha jioni, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu ameniomba niwasimulie safari ya familia yangu ya Australia, naye amenionya nisizidishe dakika kumi. Nitajitahidi. Lakini walio wa darasa langu wanajua kwamba mimi na nchi hiyo tuna kesi ya zamani. Tulipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wa Jiografia aliuliza mji mkuu wa Australia, nami nikanyosha mkono kwa maringo nikajibu, "Sydney!" Nilisimama juu ya dawati mpaka kengele ilipolia. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Sydney na Melbourne ziligombea heshima hiyo hata ikabidi ujengwe mji mpya wa Canberra, na kwamba tangu 1901 hadi 1927 Bunge la nchi nzima lilikutana Melbourne. Ningalitaja Melbourne, labda mwalimu angaliniteremsha mapema kidogo.

Basi Julai 2023 kijana wetu anayefanya kazi Melbourne alitualika. Tulikwenda mimi, mke wangu, binti yetu, na mwanawe wa miaka minane. Julai huko ni majira ya baridi. Mtu wa Njombe angecheka, lakini mimi mtu wa Tanga nilivaa masweta mawili, na saa kumi na moja na nusu jioni giza lilikuwa limekwisha ingia.

Walowezi walifika hapo 1835, katika nchi ya Wurundjeri, na mwaka 1837 mpimaji Robert Hoddle akachora barabara zilizonyoka kama mistari ya daftari la hesabu. Mtu aliyezoea Kariakoo hudhani hawezi kupotea. Kumbe baadhi ya barabara kubwa zina wadogo wao: kuna Bourke Street na Little Bourke Street, kuna Collins Street na Little Collins Street. Juu ya hayo kuna tramu, mtandao mrefu kuliko wote duniani, na katikati ya mji abiria halipi nauli. Mjukuu wangu alizipenda tramu kuliko chakula.

Siku ya kwanza kijana wetu alituweka kikao. Alisema, "Yeyote atakayepotea asizunguke. Aulize Flinders Street Station, asimame chini ya saa." Stesheni hiyo, ambayo jengo lake lilimalizika 1910, ina safu ya saa juu ya mlango mkubwa, kila moja ikionyesha treni ya njia fulani itaondoka lini. Zamani mtumishi wa reli alizigeuza kwa mkono kwa kutumia fimbo ndefu. Wenyeji wakiagana kukutana mjini husema tu, "Chini ya saa," na kila mtu anaelewa.

Siku ya nne, jioni, nilitoka na mjukuu peke yetu. Simu nilikuwa nimeiacha mezani. Pale Bourke Street tramu ilisimama. Mtoto akaruka ndani. Mimi nikampisha bibi mmoja aliyekuwa akiteremka na kikapu chake. Milango ikafungwa. Nilimwona mtoto kiooni akinipungia mkono, akidhani ni mchezo.

Wenzangu, nilikimbia. Ninyi mnaojua nilivyokuwa wa mwisho katika mbio za mabweni, hebu fikirini. Niliifuata tramu ile kupanda kilima hadi mwisho wa Bourke Street, nikaegemea ngazi za jengo kubwa lenye nguzo, sina pumzi. Tramu ilikwisha kata kona. Jengo lile ndilo Bunge lenyewe lililoninyima kiti darasani, lakini saa ile sikulitambua. Niliwaza jambo moja tu: nitamwambia nini mama yake?

Hapo ndipo nilipokumbuka: asizunguke. Nikateremka kuelekea stesheni, huku nikisema moyoni kwamba mtoto wa miaka minane hakumbuki maagizo ya siku ya kwanza.

Alikuwa amesimama chini ya saa. Alimwambia mama mmoja abiria maneno yale yale aliyofundishwa, na mama huyo akateremka naye, akamshika mkono, akangoja. Mtoto aliponiona alisema, "Babu, ulikuwa wapi? Si tuliambiwa tusizunguke?"

Sasa nitoe siri ambayo si ya kujivunia. Njiani nilimwomba asimwambie mtu. Akakubali, lakini mezani usiku ule hakula, akawa ananitazama. Nilitanabahi kwamba nilikuwa nimempoteza mara ya pili. Nikaweka kijiko chini, nikawaeleza wote. Mke wangu hakusema neno mpaka asubuhi, na aliyosema asubuhi sitayarudia mbele ya walimu.

Kesho yake tulikwenda kuutazama uwanja mkubwa wa kriketi, ambako Mtanzania mwenzetu Samson Ramadhani alimaliza wa kwanza mbio za marathoni za Michezo ya Jumuiya ya Madola, 2006. Mjukuu aliuliza kama naye alikuwa akifuata tramu.

Ndugu zangu, nimetazama meza hizi usiku huu. Wengine tuliwakosa miaka mingi, na wako ambao hatujui wanalala wapi. Tuliwahi kuunda kamati ya kuwatafuta, nayo ikachoka. Mimi nasema tuendelee kukutana hapa hapa, tarehe ile ile, chini ya kengele ile ile, ili mwenzetu aliyepotea akikumbuka, atukute tumesimama.