Kikohozi cha Nguruwe wa Kinta



Septemba 1998, wafugaji wa nguruwe wa Kinta, karibu na mji wa Ipoh nchini Malaysia, walianza kushikwa na homa kali, kuumwa kichwa, kisha kupoteza fahamu. Ugonjwa ulionekana kuwa ni ule unaojulikana: homa ya ubongo ya Japani, ambayo mbu huitoa kwa nguruwe na kumpa binadamu. Dawa ya mbu ikapulizwa, watu wakachanjwa. Vifo havikukoma.

Ushahidi wa kuipinga dhana hiyo ulikuwa mabandani tangu mwanzo. Homa ya Japani huwapata zaidi watoto; hapa walioanguka walikuwa wanaume wazima, na kazi yao ni kushika nguruwe kwa mikono. Hata waliochanjwa waliugua. Na nguruwe wenyewe walikuwa wakikohoa kwa kishindo, kikohozi cha kusikika mbali, jambo ambalo si la homa ya Japani.

Hoja ya mhadhara huu imo katika kikohozi hicho. Wafugaji walikisikia muda mrefu kabla maabara haijapata jibu, na daktari wa binadamu anayemtibu mgonjwa bila kuuliza habari za mifugo yake hukosa nusu ya maelezo.

Kwa hofu, wafugaji waliuza nguruwe kwa bei ya kutupa. Wanyama wakasafirishwa kuelekea kusini hadi Bukit Pelandok, katika jimbo la Negeri Sembilan, na ugonjwa ukasafiri nao. Machi 1999 ulifika kwenye machinjio ya Singapore: wafanyakazi 11 waliugua, mmoja akafa. Mwezi huohuo Dkt. Chua Kaw Bing wa Chuo Kikuu cha Malaya alikuwa na kirusi kisichofanana na cha Japani. Alikipeleka Marekani, ikabainika kuwa ni jamaa wa Hendra, kirusi kilichoua farasi na mkufunzi wao nchini Australia mwaka 1994. Kikaitwa Nipah, kwa jina la kijiji cha Sungai Nipah.

Ndipo nguruwe zaidi ya milioni 1 walipouawa. Kwa jumla Malaysia ilihesabu wagonjwa 265, na 105 kati yao walikufa.

Kirusi kilitoka kwa popo wakubwa wala matunda. Miembe ilipandwa kando ya mabanda ili shamba lilete kipato mara mbili. Popo walikula maembe usiku, na makombo yenye mate yao yakaangukia nguruwe. Kirusi kilizaliana katika njia za hewa za nguruwe, na pale walipobanana kwa maelfu, mmoja akikohoa aliambukiza wengi. Wapemba wanaowatunza popo wa Kidike, kisiwani Pemba, wanawafahamu ndugu wa popo hao, maana ni wa jenasi moja. Kuwaua popo hakungetibu chochote; lililohitaji kurekebishwa ni mwembe kuinamia zizi.

Nguruwe pori naye ana njia yake ya kumwambukiza binadamu, nayo hupitia jikoni. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza habari za watu wawili waliougua homa ya ini aina ya E baada ya kula maini mabichi ya nguruwe pori. Mmoja wao alifariki. Kirusi hicho hukaa pia kwa nguruwe wa kufugwa bila kuwaonyesha kuwa wagonjwa. Mwaka 2015 Japani ilipiga marufuku mikahawa kuuza maini mabichi ya nguruwe. Kuyapika hadi yaive kabisa hukimaliza.

Katika Afrika Mashariki, jina "homa ya nguruwe" huwatisha walaji wa kitimoto kuliko inavyostahili. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, huangamiza mabanda mazima lakini haimwambukizi binadamu. Hata hivyo, mfugaji anayeona nguruwe wake wakifa hawezi kujua kwa macho ni ugonjwa gani. Akiwauza haraka ili aokoe mtaji, anarudia safari ya kwenda Bukit Pelandok. Anahitaji afisa mifugo anayefika siku hiyohiyo, na zahanati inayomuuliza mgonjwa mwenye homa amekuwa akifanya kazi gani.

Malaysia iliitenga miti ya matunda na mabanda. Tangu 1999 nchi hiyo haijapata mlipuko mwingine wa Nipah.